Desktopu imekuwa tupu kwenye kompyuta tunayotumia watatu, inasema profaili ya muda. Kazi za wateja zilikuwa humo, naombeni msaada

BintiMakulu · Jumatano, saa 3:40 asubuhi

Habari za asubuhi wakuu, naombeni msaada wa haraka maana hapa nilipo mikono inatetemeka. Nafanya kazi steshenari moja hapa Dodoma, huku upande wa chuoni, tunachapa, tunatoa kopi, tunalamineti vyeti, tunajazia watu fomu za mkopo na maombi ya ajira, na mimi mwenyewe nadizaini kadi za michango ya harusi. Kompyuta ni moja, ya mezani, Windows 10, ram 4GB, tunaitumia watu watatu na kila mtu ana akaunti yake na paswedi yake, ya bosi ndo ina uwezo wa kuinstoo vitu.

Jana jioni umeme ulikatika ghafla tukiwa katikati ya kazi, na UPS betri yake imeshakufa siku nyingi kwahiyo kompyuta ikazimika hapohapo. Leo nimewasha, nimeweka paswedi yangu kama kawaida, ikazunguka weee mpaka nikajua imeganda, afu ikanifungulia desktopu ya buluu haina kitu kama kompyuta imetoka dukani leo. Pembeni ikaleta maneno kwamba nimeingizwa kwa profaili ya muda. Wenzangu wakiingia kwenye akaunti zao ziko sawa, ni yangu tu.

Kinachoniumiza ni ripoti ya utafiti ya mwanafunzi mmoja, kurasa 74, nilianza kumchapia wiki iliyopita kutoka kwenye makaratasi aliyoandika kwa mkono. Ilikuwa desktopu. Anakusanya Ijumaa. Saivi amekaa kwenye benchi hapo nje chini ya mwarobaini na sijamwambia kitu bado.

Tangu saa moja na nusu nimeendelea na kazi humohumo, nimechapa barua mbili na kuskani vyeti vya mama mmoja, nimesevu desktopu. Mwenzangu ananiambia nirestati itarudi yenyewe. Nirestati?

FundiChangombe · saa 3:46

DADA USIRESTATI. Na usitoke kwenye akaunti, na umeme ukiweza kuulinda ulinde.

Hapo ulipo ni profaili ya muda kweli, yani profaili ni folda yako pamoja na mipangilio yako. Windows imeshindwa kufungua ya kwako ikakupa ya kuazima, na hiyo ya kuazima ukitoka tu inafutwa yote. Barua mbili na vyeti vya huyo mama vitaondoka. Chukua flashi saivi, kopi kila kitu ulichosevu leo, desktopu, Documents, Downloads, vyote. Ukimaliza nenda pale pa kutafutia andika cmd, ni dirisha la kuandikia amri, ifungue, andika echo %userprofile% halafu Enter, uniambie imeandika nini.

KijanaAreaC · saa 3:52

Hiyo ndogo sana, ingia kwa akaunti ya bosi, nenda C, Users, tafuta folda yenye jina lako ifute, ukirestati ukaingia tena inajitengeneza mpya. Mi nishafanya hivo mara mbili.

MaabaraNzuguni · saa 3:58

Hapana jamani, tafadhali dada usifute folda yoyote. Hiyo folda ndo yenye ripoti ya huyo mwanafunzi!

Nasimamia maabara ya kompyuta ya chuo kimoja, mashine ishirini na kitu, na kila mashine inakaliwa na wanafunzi tofauti asubuhi mpaka jioni, kwahiyo hili la profaili naliona karibu kila muhula, hasa umeme ukisumbua. Kijana uliyesema afute folda, naomba unielewe vizuri. Windows haikumbuki watu kwa kuangalia folda. Inakumbuka kwa orodha iliyoko ndani ya rejistri, ile hifadhi ya mipangilio ya Windows, kila akaunti ina namba yake ndefu inayoanza na S-1-5-21, na pembeni ya namba imeandikwa folda yake iko wapi. Ukifuta folda kwa mkono, orodha bado inasema folda ipo. Mtu akilogini Windows inaenda kuitafuta, haiioni, inampa ya muda. Yani unakuwa umefuta kazi za mtu na tatizo umelikuza. Nishawahi kurithi maabara ambayo aliyekuwepo kabla yangu alisafisha folda za Users kwa mkono ili apate nafasi, na wiki nzima wanafunzi walikuwa wanapoteza kazi bila kujua kwanini, wanachapa, wanasevu, wanatoka, kesho hakuna kitu.

Dada, fungua folda ya C, kisha Users. Uniambie unaona majina gani.

BintiMakulu · saa 4:07

Nimekopi vya leo vyote kwenye flashi. Ile cmd imeandika C:\Users\TEMP

Kwenye Users naona la bosi, la mwenzangu, TEMP, Public, na la kwangu LIPO. Nimelifungua, nikafungua Desktop, jamani ripoti ipo!! Imefunguka, kurasa 74, mpaka jedwali la mwisho. Nimeikopi kwenye flashi na nimejitumia kwa email. Nimeenda kumwambia kijana wa watu hapo nje, kavuta pumzi ndefu.

Asanteni sana sana. Sasa nifanyeje akaunti irudi, maana siwezi kufanya kazi hivi, kila nikitoka inafuta.

KijanaAreaC · saa 4:10

Nimekuelewa mkuu wa maabara. Dada samahani, nilikuwa nakupeleka pabaya. Mimi zile mara mbili mashine hazikuwa na kitu cha maana ndo maana sikuona madhara.

MaabaraNzuguni · saa 4:25

Sawa kabisa kaka, wengi tumejifunza hivohivo.

Dada sasa tulia, kazi ziko salama, hii iliyobaki ni ya kutengeneza tu. Kwanza kopi folda yako YOTE siyo desktopu peke yake, kama flashi ni ndogo azima hadi diski ya nje. Kuna folda imefichwa ndani yake inaitwa AppData, washa kuona vilivyofichwa kule juu kwenye View, weka tiki kwenye Hidden items. Humo ndo kuna vitu ambavyo watu hawavikumbuki mpaka vimeshapotea, alama za Chrome, templeti za Word, na kwa wewe unayedizaini kadi kuna fonti, nitarudi hapo.

Halafu kwenye cmd hiyohiyo andika whoami /user. Itakuletea ile namba ndefu ya S-1-5-21. Ipige picha na simu, utaihitaji.

Sasa toka, restati, ingia kwa akaunti ya bosi, usiingie kwenye ya kwako. Andika regedit, ndo inayofungua rejistri, ifungue, ufuate njia hii: HKEY_LOCAL_MACHINE, SOFTWARE, Microsoft, Windows NT, CurrentVersion, ProfileList. Kabla ya kugusa chochote bonyeza File halafu Export, sevu hiyo ProfileList mahali, ili ukikosea uirudishe. Usiruke hapo hata kama wateja wanakusukuma. Kisha tafuta namba yako. Mara nyingi utaikuta imejirudia, moja ya kawaida na nyingine hiyohiyo ila mwishoni ina .bak. Yenye .bak ndo ya kwako ya zamani, Windows iliiweka pembeni iliposhindwa kuifungua. Hakikisha kwa kuibonyeza uangalie upande wa kulia ProfileImagePath, inatakiwa isome folda yenye jina lako, ile nyingine itasoma TEMP.

Ile isiyo na .bak ibadilishe jina mwishoni uiongezee .zamani, kisha ile yenye .bak ibadilishe jina uondoe hilo .bak tu, ibaki namba tupu. Ndani yake kama kuna State weka 0, kama kuna RefCount weka 0. Restati, ingia kwa jina lako.

Nusu ya wakati inaishia hapo, mtu anarudi kwenye desktopu yake kama hakukuwa na kitu.

FundiChangombe · saa 4:31

Mkuu umeeleza vizuri. Naongeza moja, kwakuwa umeme ulikatika kompyuta ikiwa kazini, kabla hujahangaika na rejistri kagua diski. Fungua cmd kwa haki za bosi, andika chkdsk C: /f itauliza kama ikague ikiwaka tena, bonyeza Y, restati uiache imalize. Diski zile za kuzunguka zikizimwa ghafla mara nyingi zinapata madhara, na kwa vumbi la Dodoma hili la mwezi wa nane feni zinajaa, kompyuta inachemka, diski inachoka haraka. Fungua kava siku moja uipulize.

BintiMakulu · saa 7:15 mchana

Nimerudi. chkdsk imechukua kama dakika arobaini, imemaliza. Nikafanya ya rejistri, zilikuwa mbili kweli na moja ina .bak, nimebadilisha kama ulivosema, State ilikuwa na namba nikaweka 0. Nimerestati nikaingia... imerudi kulekule kwenye TEMP.

MaabaraNzuguni · saa 7:22

Pole, usikate tamaa. Rudi kwa akaunti ya bosi, andika eventvwr, humo Windows inaandika kumbukumbu za makosa, fungua Windows Logs kisha Application, tafuta zilizoandikwa User Profile Service za muda huu. Niambie namba.

BintiMakulu · saa 7:34

Ipo 1508 na 1511. Kwenye 1508 inataja faili la ntuser.dat la folda yangu, kwamba limeharibika.

MaabaraNzuguni · saa 7:50

Basi tumejua. ntuser.dat ni faili moja tu ndani ya folda yako lakini ndo limebeba mipangilio yako yote, picha ya nyuma, printa unayoipenda, Word inavyofunguka, kila kitu. Muda wote ukiwa umeingia hilo faili linakuwa wazi Windows inaliandikia, na umeme ukikatika kwenye kuandika linaweza kubaki nusunusu. Hapo huwezi kulirudisha, unareseti profaili. Kureseti maana yake akaunti inabaki ileile na paswedi ileile, ila unaipa folda mpya safi halafu unarudishia vitu vyako. Na tafadhali usifute akaunti ukatengeneza nyingine ya jina lilelile, hiyo itakuwa na namba nyingine na Windows itakuona mtu mwingine kabisa hata kama jina ni moja.

Nataka nikuulize kitu, nyie mkipokezana zamu mnatoka kabisa au mnabonyeza Switch user?

BintiMakulu · saa 7:53

Switch user kaka, maana ukitoka kabisa mwenzio akirudi anaanza kufungua upya Word na Chrome.

MaabaraNzuguni · saa 8:10

Ndo hapo dada yangu. Switch user haimtoi mtu, inamficha tu. Jana jioni umeme unakatika humo ndani mlikuwa watu watatu mmefunguka kwa pamoja, ntuser.dat tatu ziko wazi, kwenye ram ya 4GB. Mna bahati imeharibika moja. Kwenye kompyuta ya kushea mtu akimaliza zamu atoke kabisa, Sign out, hata kama anaona usumbufu. Mimi maabara nimeweka karatasi kila meza na bado nazunguka kukagua.

Sasa kureseti. Akaunti ya bosi, kompyuta ikiwa imewashwa upya na wewe hujaingia. Nenda Users, folda yako ibadilishe jina, mfano ongeza -zamani mwishoni. Usiifute, ibadilishe jina tu. Ikikataa ujue bado kuna kitu kimeishika, restati ujaribu tena. Halafu regedit, ProfileList, hapo ndo unafuta, zote zenye namba yako, ile namba tupu, ile uliyoiandika .zamani, na yenye .bak kama imejirudia tena. Angalia na picha ya simu, namba za watatu zinafanana mwanzo mpaka karibu na mwisho, tofauti iko tarakimu za mwishoni, ukifuta ya mwenzako umemtia kwenye shida hiihii.

Restati, ingia kwa jina lako. Itachelewa kidogo ikikusalimia kama mgeni, hiyo inatengeneza folda mpya. Hakikisha na echo %userprofile%, inatakiwa isome jina lako, siyo TEMP. Ikisoma jina lako na jina la kompyuta nyuma yake ujue ile ya zamani hukuibadilisha jina.

Kisha rudisha vitu, KOPI usihamishe, Desktop, Documents, Pictures, Downloads. Zile faili zinazoanza na ntuser usiziguse kabisa, ukizileta umeleta ugonjwa. AppData usibebe yote, chukua vichache unavyovijua.

Watakaokuja kusoma hapa baadaye: kuna njia ya mkato, andika sysdm.cpl, Advanced, User Profiles, Settings, chagua jina, Delete. Ni njia safi, inafuta folda na orodha kwa pamoja, mimi ndo naitumia maabara mwisho wa muhula. Lakini inafuta KWELI, haipeleki kwenye kapu la taka. Kwa dada hapa sijamwambia aitumie kwasababu ya folda yake.

MamaWawiliKisasa · saa 8:24

Nafuatilia hapa, na mimi nina steshenari huku Kisasa. Naomba kuuliza, paswedi zilizohifadhiwa kwenye Chrome zinarudi?

FundiChangombe · saa 8:30

Mama shikamoo. Ukikopi faili tu hazirudi, zimefungwa kwa ufunguo ulioko ndani ya profaili ile ya zamani. Alama za kurasa zinarudi, kuna faili linaitwa Bookmarks ndani ya AppData, Local, Google, Chrome, User Data, Default. Paswedi zitarudi tu kama Chrome ilikuwa imeunganishwa na akaunti ya Google. Ila mama, kwa steshenari naomba msiruhusu Chrome ihifadhi paswedi za wateja. Mtoto wa watu anajaza maombi ya mkopo hapo, paswedi yake ikibaki kwenye kompyuta inayoguswa na watu watatu siyo sawa, na akija kubadilishiwa kitu hatajua ni nani.

MamaWawiliKisasa · saa 8:33

Marahaba mwanangu. Hilo nilikuwa silijui, leo hii nazifuta zote.

BintiMakulu · saa 11:05 jioni

IMEKUBALI. Nimeandika echo %userprofile% imeleta jina langu! Ile kubadilisha jina ilikataa mara ya kwanza kama ulivosema, nikarestati ikakubali. Nimekopi vitu vyangu vyote, nimetoka nikaingia tena mara tatu kuhakikisha, vipo.

Vitu viwili. Nikiprinti karatasi zinatokea kwenye ile printa ya rangi badala ya ile ya bei nafuu, nimeshaharibu karatasi tano za mteja kwa wino wa rangi. Na ya pili kadi za harusi, nikifungua kadi ya Jumamosi majina ya bwana na bibi harusi yamekuwa maandishi ya kawaida kama ya barua, ile fonti ya mikunjo haipo. Mwenye sherehe anakuja kesho asubuhi.

MaabaraNzuguni · saa 11:20

Hongera sana. Printa ni rahisi, printa ya chaguo la kwanza ni mpangilio wa kila mtu na ulikuwa kwenye ntuser.dat. Nenda Settings, Devices, Printers, toa tiki pale inaposema Windows ichague yenyewe, kisha chagua ya kwako uiweke iwe ya kwanza.

Fonti ndo nilisema nitarudi. Kwenye Windows 10 za miaka hii mtu asiye na haki za bosi akiinstoo fonti inaingia kwake peke yake, haiendi kwenye folda kubwa ya fonti za kompyuta. Nenda folda yako ya -zamani, AppData, Local, Microsoft, Windows, Fonts. Utazikuta humo zote ulizowahi kushusha. Zichague zote, bonyeza kulia, chagua Install for all users, itakuomba paswedi ya bosi. Hivo hata mwenzako akiifungua kadi yako itamtokea sawasawa.

BintiMakulu · saa 11:41

Zipo! Zote 31, na ile ya mikunjo. Kadi imerudi kama ilivokuwa, majina yamekaa vizuri kabisa. Mungu awabariki.

BintiMakulu · Jumamosi, saa 4:10 asubuhi

Nimerudi kuwapa mrejesho kwasababu mlinisaidia bila kunijua. Kijana amekusanya ripoti jana. Bosi nimemweleza yote, ameleta betri mpya ya UPS na amekubali ile diski ya pili iliyokuwa haina kazi tuifanye D, nimehamishia Documents na Desktop huko kwa kubonyeza kulia, Properties, Location, ili siku profaili ikisumbua tena kazi ziwe mbali nayo. Wenzangu nimewaonyesha kutoka kabisa badala ya Switch user, mmoja anasahau bado ila namkumbusha.

Swali la mwisho kaka wa maabara, ile folda ya -zamani naweza kuifuta lini? Inakula GB 19.

MaabaraNzuguni · saa 4:32

Kama nafasi ipo kaa nayo mwezi mzima, kazi zako za mwezi zitakuonyesha ni kitu gani hujakirudisha, kuna templeti au fomu ya mteja utaikumbuka tu siku akija. Templeti za Word angalia kabisa AppData, Roaming, Microsoft, Templates. Ukishafika huo mwezi hujaihitaji, ingia kwa akaunti ya bosi uifute, sasa hivi haipo tena kwenye orodha kwahiyo kuifuta kwa mkono haina shida.

BintiMakulu · saa 4:36

Sawa kaka. Nimeandika tarehe kwenye karatasi nimeibandika pembeni ya skrini.